Nikimwambia mshauri nasaha, maneno yangu yatafika wapi?

SWALI: Hujambo daktari. Nina miaka 36, naishi Donholm na nafanya kazi katika kampuni moja huku Industrial Area. Tangu mama afariki mwaka jana silali vizuri, na nyumbani mambo si shwari. Kazini tumeambiwa kuna ushauri nasaha, vikao 6, kampuni inalipa. Nataka kwenda lakini naogopa. Mwaka juzi nilimweleza mama mmoja wa kanisani mambo ya ndoa yangu, na kabla wiki haijaisha wifi yangu akanipigia simu kuniuliza. Nikienda kwa mshauri, ninayosema yanaandikwa wapi? Nani anayasoma? Bosi ataambiwa nini? Na nikikutana na mshauri huyo sokoni nitafanyaje? Msomaji, Donholm.

JIBU: Sijambo, dadangu. Pole kwa kufiwa na mama, na pole kwa simu ile ya wifi. Nianze na simu hiyo, kwa sababu naona ndiyo inayokufunga mdomo kuliko mengine yote. Yule mama wa kanisani huenda alikuwa na nia njema. Labda alimwambia wifi yako ili wakuombee pamoja. Lakini hakukuwa na kitu kilichomfunga asiseme. Hakuweka sahihi popote, hana leseni ya kupoteza, na hakuna ofisi ambayo ungeenda kumshtaki. Mshauri aliyesajiliwa anafungwa na leseni yake, anafungwa na sheria ya nchi, na tena anafungwa na namna ofisi yake inavyoendeshwa siku kwa siku. Hilo la mwisho ndilo nitakalolieleza kwa kirefu, maana katika miaka yangu ya kazi hii sijaona siri nyingi zikitokea mdomoni mwa mshauri. Nimeziona zikitokea kwenye simu iliyoachwa mezani, kwenye ankara, na kwenye kitabu cha wageni pale getini.

Sheria nitaipitia haraka ili ujue umesimama wapi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha yako, na kinataja waziwazi kwamba habari za familia yako na mambo yako ya ndani zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima. Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari za anayehudumiwa ni siri, na haitoi nafasi ya kuzitoa ila kwa idhini yake ya maandishi, kwa amri ya mahakama, au kwa sababu nyingine chache zilizotajwa humo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya, ya mwili na ya akili, katika kundi la data nyeti, yaani zile zinazotaka ulinzi mkubwa kuliko jina na anwani. Nayo Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 ndiyo iliyounda bodi inayotusajili. Kwa hiyo siku ya kwanza una haki ya kumwomba mshauri akuonyeshe usajili wake na leseni. Asiyetaka kuonyesha, ondoka. Wala usione haya, sisi tulio na karatasi hizo hatukasiriki tukiulizwa.

Sasa bosi wako. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu watu wengi huumia kwa kutojua kwamba kuna milango miwili inayofanana kwa nje.

Mlango wa kwanza ni ushauri nasaha. Umechagua mwenyewe kuja, kampuni inalipa tu. Hapo mteja ni wewe. Mwajiri hapewi uliyoyasema, hapewi maoni yangu juu yako, na katika mikataba tunayoandika sisi hapewi hata jina lako. Kinachofika kwake mwisho wa mwezi ni ankara yenye nambari: "0417, vikao 2." Jina linalokwenda na nambari hiyo liko kwenye orodha moja tu, imefungiwa kwangu. Kuna kampuni zinazotaka ripoti ya jumla kila robo mwaka, wafanyakazi wangapi walikuja na kwa shida za aina gani. Hiyo nayo ina hatari yake. Katika kampuni ya watu 30, ukiandika kwamba wanawake 2 wa idara ya uhasibu walikuja kwa matatizo ya ndoa, umewataja kwa majina. Kila mtu ataangalia meza zile 2. Ndiyo maana sisi hatutoi hesabu ya kundi lolote lenye watu chini ya 10, hata meneja akipiga simu mara tatu. Na wengine hupiga. Husema, "Daktari, mimi nataka tu kumsaidia." Ninamjibu vilevile kila mara, kwamba siwezi kusema kama mtu huyo anakuja au haji. Usidhani ni ukali. Nikimwambia "huyo haji" leo, kesho nikikataa kujibu kuhusu mwingine atajua kwamba huyo wa pili anakuja.

Mlango wa pili ni tathmini. Hapa mwajiri, au mahakama, au kampuni ya bima, ndiye aliyekutuma ili apate jibu: je, mtu huyu yuko tayari kurudi kazini? Je, anaweza kukabidhiwa bunduki, lori, mtoto? Chumba ni kilekile na kiti ni kilekile, mwanasaikolojia naye anaweza kuwa yuleyule, lakini mwisho wake kuna ripoti inayokwenda kwa aliyeiagiza. Si dhambi, ni kazi halali. Dhambi ni mtu kuketi akidhani yuko mlango wa kwanza kumbe yuko wa pili, akafungua moyo wote, halafu akayakuta maneno yake katika barua ya ofisini. Nimewapokea watu waliofanyiwa hivyo kwingine, na ilituchukua miezi kabla hawajaweza kuniamini tena mimi niliye mbele yao.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kabisa, kabla hujaketi vizuri, liwe hili: "Je, kuna mtu yeyote atakayepewa ripoti kuhusu mimi?" Ukiambiwa ndiyo, uliza ripoti itasema nini, itakwenda kwa nani, na kama utaisoma kabla haijatumwa. Kwa maelezo uliyonipa, vikao 6 ulivyotangaziwa wewe na wenzako, inaonekana ni ule mlango wa kwanza. Hata hivyo uliza. Na kama kikao kitakuwa saa za kazi na msimamizi wako anataka uthibitisho, omba barua isemayo tu kwamba ulihudhuria miadi ya afya siku fulani saa fulani. Yetu haina neno "saikolojia" hata kwenye kichwa cha karatasi.

Vikao 6 vikiisha na ukataka kuendelea, huenda ukafikiria bima. Jua mapema kwamba bima hailipi bila jina la ugonjwa. Mshauri atajaza fomu na kuandika msimbo wa kimataifa wa magonjwa, kwa mfano F32, ambao ni wa kipindi cha sonona, yaani depression. Msimbo huo utabaki kwenye kumbukumbu za bima. Na kama kadi ni ya mumeo na wewe ni mtegemezi wake, angalia kama bima yenu humtumia mwenye kadi ujumbe kila inapotumika. Kuna wateja wangu wanaoamua kulipa kutoka mfukoni, vikao vichache, kwa sababu hiyo tu. Siwashauri wote wafanye hivyo, pesa si rahisi, lakini uamuzi ni wako, na ni lazima uambiwe kabla fomu haijajazwa.

Umeuliza yanaandikwa wapi. Watu hufikiri kwamba mshauri anayeinamia daftari anaandika kila neno. Ngoja nikuonyeshe. Tuseme mtu amekaa nami dakika 50. Amelia kuhusu mama yake, amesema alivyogombana na dada yake juu ya shamba siku ya matanga, amenitajia jina la dada, jina la mchungaji, kiasi cha mchango na nani alikila. Akishatoka, mimi huandika hivi:

"Kikao cha 4. Usingizi saa tano usiku hadi saa tisa, mara 4 wiki hii. Huzuni ya kufiwa, mvutano wa kifamilia baada ya mazishi. Hana fikira za kujidhuru, nimemuuliza moja kwa moja. Tumefanya zoezi la kuandika barua kwa marehemu. Kikao kijacho: kurudi kwenye barua."

Basi. Shamba halimo, dada hana jina, na mchango haukutajwa. Naandika kinachonisaidia kukuhudumia wiki ijayo, na kinachoweza kumsaidia mwenzangu kukupokea endapo nitaugua. Sheria ya data inasema tukusanye kile tu kinachohitajika, lakini kwangu hata kama sheria isingesema, ningeandika vivyo hivyo. Kila ninapoandika sentensi hujiuliza: mteja akiisoma mwenyewe, ataona amesemwa kwa heshima? Na unaweza kuisoma. Una haki ya kuomba kuona taarifa zako, na kanuni za ulinzi wa data za 2021 zinatupa siku 7 kukujibu. Ukikuta kosa, unaomba lirekebishwe. Mwaka mmoja mteja alikuta nimeandika kwamba ana watoto 3. Ana 4, na wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Alisahihisha kwa kidole juu ya karatasi, na kikao kile hatukuzungumza jambo lingine.

Faili yenyewe ni sehemu mbili. Moja ina jina, simu, mtu wa kupigiwa wakati wa dharura na karatasi ya idhini uliyotia sahihi. Ya pili ina maelezo ya vikao na haina jina, ina nambari. Zote ziko kwenye kabati la chuma, chumba chenye kufuli, ufunguo kwangu na kwa mwenzangu mmoja. Dada wa mapokezi anaona jina na saa ya miadi, basi. Hajui umekuja kwa ajili ya nini, na ameweka sahihi hati ya kutunza siri kama sisi, kwa sababu yeye ndiye anayejua zaidi kuliko sote nani ameingia na nani ametoka. Ofisi zinazotumia kompyuta ni lazima zifunge kifaa kwa nywila na zifiche taarifa kwa msimbo ili mwizi wa laptopu apate chuma tu. Laptopu ya maelezo ya wateja haitakiwi kuwa ile ambayo watoto wanachezea nyumbani.

Tunaziweka faili kwa miaka 7 baada ya kikao cha mwisho, halafu tunaziharibu. Naposema kuharibu nina maana karatasi inapita kwenye mashine ya kukatakata, nikiwa nimesimama hapo. Niliwahi kununua njugu karibu na kituo cha matatu, muuzaji akanifungia kwa koni ya karatasi. Nilipofika nyumbani na kuikunjua, ilikuwa fomu ya zahanati. Jina la mgonjwa lilisomeka, nambari ya simu, na alichopimwa. Nilikaa na ile karatasi mkononi muda mrefu. Mwenye jina lile pengine alipita kwa muuzaji yuleyule. Tangu siku hiyo hatuuzi karatasi kuukuu, na hatumpi mtu yeyote atutupie.

Mimi nami nimekosea, na kosa langu ndilo lililonifundisha kuhusu simu. Zamani tulikuwa tukituma ujumbe wa kuwakumbusha wateja: "Kumbuka kikao chako cha ushauri nasaha kesho saa nne asubuhi." Ulikuwa ujumbe wa adabu kabisa. Mama mmoja simu yake ilikuwa juu ya meza ya chakula, mumewe ameketi karibu, kioo kikawaka. Hakuwa amemwambia. Aliyoyapitia usiku ule alinieleza baadaye kwa sauti ndogo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeyaleta. Sasa ujumbe wetu unasema "Miadi kesho saa nne asubuhi" na hauna jina la ofisi. Tena siku ya kwanza tunamuuliza kila mteja: Tukupigie au tusikupigie? Nani mwingine hushika simu yako? Tukikupigia akapokea mwingine, tuseme nini? Kuna wanaotuambia tusiwasiliane nao kabisa, watakuja wenyewe. Tunatii.

Malipo nayo yanasema. Ukilipa kwa M-Pesa, ujumbe unaokurudia hutaja jina la uliyemlipa, na jina hilo hukaa kwenye taarifa ya akaunti utakayoichapisha siku unapotafuta mkopo. Uliza jina litakalotokea ni lipi kabla hujabonyeza nambari ya siri. Ofisi nyingi zina jina lisilofichua kitu, lakini chache bado zimeandikisha jina lenye neno "saikolojia" ndani yake.

Halafu kuna kitabu cha getini. Unajua majengo yetu ya Nairobi, uwe Upper Hill au Hurlingham au mjini kati: askari anakupa kalamu iliyofungwa kwa uzi, unaandika jina, nambari ya kitambulisho, simu, ofisi unayokwenda, saa ya kuingia. Anayekuja nyuma yako anasoma yote juu ya mstari wake. Ilinichukua barua mbili kwa wasimamizi wa jengo letu ndipo wakakubali wateja wetu waandike ghorofa tu, bila jina la ofisi. Kama jengo utakalokwenda halijakubali hivyo, mshauri wako anaweza kukuombea, au akateremka mwenyewe kukupokea. Wengine hupenda kikao cha simu au cha video. Kinafaa, mradi wewe mwenyewe uwe mahali penye faragha. Nina mteja ambaye hukaa ndani ya gari lake, amefunga vioo, kwenye maegesho ya duka. Huko ndiko anakoweza kulia.

Nimekueleza yanavyotunzwa. Sasa nikueleze yasivyotunzwa, maana mshauri anayekuambia "chochote utakachosema kitabaki hapa" na akanyamaza, hajakuambia kweli. Siri yetu ina mipaka, na ni lazima uisikie dakika za kwanza, kabla hujasema neno zito.

Wa kwanza ni uhai wako. Nikiona una mpango wa kujiua, na uko karibu kuutekeleza, sitakaa kimya. Nitamwita mtu uliyemwandika kwenye karatasi ya dharura, au nitakupeleka hospitali. Lakini sikia vizuri: fikira si mpango. Watu wengi waliofiwa husema "natamani ningemfuata mama." Ukiniambia hivyo sitakimbilia simu. Nitakuuliza zaidi, tutakaa nalo pamoja. Kwa miaka mingi watu wa hapa waliogopa kusema hata hilo kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu angeweza kutoka kitandani hospitalini akapelekwa kizuizini. Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Nililia niliposikia, kwa sababu ya wateja waliowahi kunificha.

Wa pili ni uhai wa mwingine. Mtu akiniambia atamuua fulani, na ana njia na ana nia, nitachukua hatua ya kumkinga huyo fulani. Wa tatu ni mtoto anayedhulumiwa. Nikijua mtoto anapigwa hadi kuumizwa au ananajisiwa, nitaripoti, na sitaomba radhi kwa hilo. Wa nne ni mahakama. Nikipewa amri ya jaji au hakimu nitaitii, ila barua ya wakili wa mumeo si amri. Simu ya afisa wa polisi si amri. Mchungaji akija ofisini kwangu na Biblia mkononi, nitamkaribisha chai, na sitamwambia kitu. Hata amri ikija, nitakujulisha kwanza kama naruhusiwa, na nitaiomba mahakama ipokee kile tu kinachohusu kesi.

Yaliyo nje ya mipaka hiyo ni mengi, na huenda ndiyo unayoyaogopa. Kwamba ulikuwa na mtu nje ya ndoa. Kwamba una deni ambalo mume hajui. Kwamba unakunywa usiku ili upate usingizi. Kwamba siku mama alipofariki ulihisi nafuu kidogo kwa kuwa uuguzi ulikuwa umekuchosha, na tangu hapo huwezi kujisamehe. Hayo hayaendi popote, hata kwa mumeo aje alie mlangoni.

Kuna mtu mmoja mwingine anayeweza kusikia kidogo, na sitaki umgundue baadaye. Kila mshauri mzuri ana mshauri mkubwa wake, msimamizi wa kitaaluma, anayemwendea na kusema: nimekwama na mteja, nifanyeje? Mimi huenda mara 2 kwa mwezi. Huko jina lako halitajwi, wala kampuni, wala mtaa. Nasema "mwanamke aliyefiwa na mzazi." Ukitaka, unaweza kuuliza msimamizi huyo ni nani, ili uhakikishe si shemeji yako. Nairobi ni kubwa, lakini kanisa moja na kijiji kimoja cha nyumbani huifanya iwe ndogo sana. Na pia nimeacha bahasha iliyofungwa kwa mwenzangu mmoja, ili nikifa ghafla ajue kabati liko wapi na nani wa kupigiwa, faili zisije zikaangukia mikononi mwa ndugu zangu wanaogawa vyombo vyangu.

Na ikivuja? Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa hiyo mtungi ukivuja, kata ndiyo ya kuulizwa kwanza. Ofisi ikipoteza taarifa, kwa wizi au kwa uzembe, na ikawa kuna hatari ya kweli kwako, ina saa 72 kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data, na wewe nawe lazima uelezwe. Wewe mwenyewe unaweza kulalamika kwa ofisi ya Kamishna bila wakili, na sheria inaipa siku 90 kumaliza uchunguzi. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Usidhani ni maneno matupu. Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kwa upande wa mwenendo wa mshauri mwenyewe, malalamiko yanakwenda kwa bodi iliyompa leseni. Na kwa kuwa tunatoa huduma ya afya, hata ofisi ya mtu mmoja inatakiwa kusajiliwa na Kamishna. Cheti hicho hudumu miaka 2. Angalia ukutani, kisha angalia tarehe.

Nakusihi jambo moja. Usianze na lile zito. Kikao cha kwanza, mpe mshauri jambo dogo, lenye uzito wa kilo moja: kwamba hulali, kwamba unaamka saa tisa. Muulize maswali haya niliyokuandikia, na utazame anavyojibu. Akibabaika, au akasema "usijali, mimi ni mtu wa Mungu," mshukuru, ulizia mwingine. Kampuni yenu ikiwa na orodha ya washauri, una haki ya kubadilisha bila kueleza kwa nini. Akijibu taratibu, akakuonyesha karatasi ya idhini na kukupa nafasi ya kuisoma mpaka mwisho kabla hujatia sahihi, mpe kilo ya pili wiki ijayo. Umechukua mwaka mzima ukibeba mzigo huu, hakuna haja ya kuutua wote Jumanne moja.

Kuhusu soko. Sisi nasi hununua sukuma wiki, kwa hiyo mtakutana, tena pengine ukiwa na mumeo au na wifi yule. Mshauri wako hatakusalimu kwanza. Hatakukodolea macho wala hatakukwepa, atapita kama mtu asiyekujua, na hajakudharau. Ukimsalimu wewe, ataitika salamu yako kwa kiasi ulichompa na kuishia hapo. Hatauliza "unaendeleaje" kwa ile sauti inayofanya watu wageuke. Na wifi akiuliza huyo ni nani, jibu ni lako. Mimi wateja wangu huwa nawauliza mapema tutasemaje. Mmoja aliniambia niseme nilikuwa mwalimu wake wa kushona. Tumekutana mara mbili Gikomba, na mara zote mbili ameniuliza bei ya vitambaa imekuwaje, nami nikamwambia imepanda.